Sayyid Barghash na maji ya sabili

Msafiri atokaye Mombasa akafika Maungu, kabla ya Voi, akashika njia ya vumbi ya mkono wa kushoto, haimchukui muda kuuona mlima wa Kasigau umesimama peke yake katikati ya nyika, kama jahazi lililotia nanga bahari imetulia. Kilele chake kinapita mita 1,600, na siku nyingi za mwaka kimevikwa kilemba cha wingu. Chini yake, kuuzunguka mlima, kuna vijiji vitano: Rukanga, Jora, Bungule, Kiteghe na Makwasinyi. Mvua ya nyika si ya kutegemewa, lakini msitu ulioko juu hunasa umande wa mawingu yatokayo baharini, maji yakachuruzika mabondeni, na kutoka huko huteremshwa kwa mabomba mpaka vijijini. Pale Makwasinyi, kama ilivyo kila mahali penye shida ya maji, mfereji ndio baraza. Habari za arusi, za maziko na za tembo walioingia shambani zote huanzia hapo, madumu yakiwa yamepangwa safu yakingoja zamu.

Huenda msomaji wa Pwani akauliza, Makwasinyi na sisi wapi na wapi? Lakini njia hiyo babu zetu waliipita sana. Misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Vanga ikielekea Taita, Taveta na Uchagga ilikuwa lazima ivuke jangwa la Taru, na mtu aliyevuka Taru alihesabu safari yake kwa maji. Aliuliza ngurunga ipi ina maji na ipi imekauka. Ngurunga ni yale mashimo yaliyomo katika majabali ambayo mvua huyajaza, na mlima wa Kasigau ulikuwa alama ya kumwonyesha msafiri aendako. Johannes Rebmann, yule padri wa Kijerumani wa misheni ya Rabai, alifika Kasigau mwezi wa Oktoba 1847, kabla hajauona mlima Kilimanjaro mwaka uliofuata.

Ipo na sababu ya pili. Katika mwaka 1885 bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilipandishwa Taita, na kwa muda usiozidi mwaka mmoja na nusu nchi hiyo ikatiwa katika hesabu za Sayyid Barghash bin Said. Bendera haikudumu. Lakini mtu huyo ambaye aliishi akipigania ardhi na kuipoteza karibu yote, aliacha jambo moja ambalo kila mngoja zamu wa Makwasinyi angelifahamu bila ya kuelezwa. Alilileta bomba la maji mjini, akawaachia watu wachote bure.

Mtoto wa Sayyid Said

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan na suria wa Kihabeshi. Baba yake alikuwa ameuhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati, na nyumba yake ilijaa watoto wa mama mbalimbali. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba ndugu ni ndugu na kiti ni kiti. Barghash alikuwa na akili kali, na kiburi, na subira hakuwa nayo.

Mwaka 1856 Sayyid Said alikuwa akirudi kutoka Oman katika merikebu yake Victoria, na Barghash yumo pamoja naye. Mzee akafa baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli. Ada ya mabaharia ni kumswalia maiti na kumzika baharini, kwa kuwa nchi kavu ni mbali. Barghash hakukubali. Aliagiza mwili uwekwe katika sanduku, na merikebu ilipokaribia Unguja akauteremsha pwani usiku kwa siri, akamzika baba yake Makusurani, kisha akaondoka kwenda kujaribu kuitwaa ngome kabla mji haujapata habari ya msiba. Hakufanikiwa. Kulipopambazuka kiti kilikuwa cha ndugu yake Majid.

Twaweza kumwambia alikuwa na haraka. Twaweza pia kumwambia neno zito zaidi, maana usiku wa kumzika mzazi si usiku wa kuhesabu askari wa ngome. Lakini alikuwa kijana wa miaka kama 19, na hayo ndiyo aliyoyaona yakifanywa na wakubwa.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Oktoba 1859, alijaribu tena, safari hii pamoja na watu wa kabila la Elharthi na baadhi ya ndugu zake wanawake, akiwamo Bibi Khole na mdogo wao Salme. Salme alikuwa na miaka 15 tu, lakini alikuwa amejifundisha mwenyewe kuandika, jambo ambalo wasichana wa nyumba ile hawakufundishwa, na kwa hiyo barua za njama zikaandikwa na mkono wake.

Majid akaizingira nyumba ya Barghash mjini. Na hapa ndipo maji yanapoingia katika hadithi ya mtu huyu kwa mara ya kwanza. Salme, katika kitabu cha maisha yake alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia kwamba dhiki iliyowabana waliozingirwa ilikuwa ni kukosa maji ya kunywa. Nyumba za ndugu zao zilikuwa jirani kabisa, ng'ambo ya kichochoro chembamba, na wanawake wale wakabuni hila: walishona bomba la turubali na kulipitisha kutoka nyumba moja kwenda ya pili, maji yakapita juu ya vichwa vya mji. Mtu aliyeokolewa kwa bomba la kitambaa akiwa kijana, si ajabu akilikumbuka bomba akiwa mfalme. Hayo ni maneno yangu mimi, si yake. Barghash hakuacha kumbukumbu za kutuambia alikuwa akiwaza nini.

Dada zake wakamtoa nyumbani amevaa nguo za kike, uso umefunikwa, wakapita naye mbele ya askari, naye akakimbilia shamba liitwalo Marseilles. Shamba lile lilipigwa kwa mizinga, askari wa manowari za Kiingereza wakiwa upande wa Majid. Barghash akarudi mjini, akasalimu amri, akaapishwa, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Bombay

Alikaa Bombay miaka miwili hivi. Watu wengi waandikao habari zake huipita miaka hiyo mbiombio, kwa kuwa hakuna vita wala njama. Nami naona hapo ndipo alipopata kusoma kuliko mahali popote.

Bombay ya wakati ule ilikuwa ikibadilika mbele ya macho ya watu. Mji ulikuwa umeteseka kwa ukame, visima na matangi yake yamekauka au yamechafuka, na serikali ya huko ikaanza mwaka 1856 kujenga boma la kuzuia maji ya mto Mithi mahali paitwapo Vihar, nje ya mji. Kazi ikamalizika mwaka 1860. Maji yakaja mjini ndani ya mabomba ya chuma, yakafunguliwa mitaani. Mfungwa wa kifalme kutoka Unguja alikuwapo mjini humo miezi hiyo hiyo.

Sasa afikirie msomaji jinsi Unguja ilivyokuwa. Mji wa mawe ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa, bandari yake inajaa majahazi kila musimu, lakini maji yake yalikuwa ya visima vifupi, mengi ya chumvichumvi, visima vyenyewe vimechanganyika na vyoo, mazizi na makaburi. Maji mazuri yalitoka mbali, yakaletwa kwa mitungi vichwani. Na vichwa hivyo vilikuwa vya nani? Vingi vilikuwa vya watumwa, na zaidi wanawake. Katika mji wa namna ile uungwana wa mtu ulipimwa pia kwa idadi ya watu waliomchotea maji.

Barghash aliruhusiwa kurejea, akakaa kimya miaka mingi. Mwaka 1869 ukaja ugonjwa wa kipindupindu, ukitokea bara kwa njia za misafara, ukaendelea mpaka 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akiganga mjini Unguja wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kilichotoka mwaka 1876, na humo akaeleza hali ya visima vya mji. Waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Maiti zilikosa wachimba makaburi.

Tarehe 7 Oktoba 1870 Majid akafariki, na Barghash akakalia kiti alichokitamani tangu usiku ule wa Makusurani. Alirithi mji uliotoka kufiwa. Na haukupita muda, tarehe 15 Aprili 1872, tufani ikaipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi, ikavunja majahazi na merikebu bandarini. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndipo ilipokuwa nchi ya karafuu kuliko Unguja yenyewe.

Kisha wakaja Waingereza. Sir Bartle Frere alifika mwaka 1873 kumtaka afunge biashara ya watumwa. Barghash alikataa, maana mashamba yamelala chini na hazina ni tupu. Balozi John Kirk akamwonyesha kwamba bandari yake itazingirwa na manowari. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi, na soko la watumwa likafungwa. Tusimpambe kwa jambo hilo. Alilifanya kwa kulazimishwa, na utumwa wenyewe uliendelea visiwani mpaka 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya mpaka 1907.

Mji waletewa maji

Mwaka 1875 alisafiri kwenda Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akarudi kwa njia ya Paris na Misri. Aliyoyaona aliyachukua kwa uchaguzi. Alinunua meli za moshi, na moja kubwa aliyoiagiza baadaye kutoka Uskochi, iliyomalizwa 1878, aliiita Glasgow. Alianzisha jeshi lenye mafunzo chini ya Mwingereza Lloyd Mathews. Alileta mitambo ya kupigia chapa, na mwaka 1880 chapa yake ya kifalme ikaanza kutoa vitabu vya dini vya Kiarabu, hasa vya madhehebu ya Ibadhi, vikasomwa Unguja na Oman pia.

Na alijenga. Jumba la Marhubi, Chukwani, hamamu ya mjini ambayo imeupa mtaa wa Hamamni jina lake, na mwaka 1883 Beit el Ajaib, jumba la maajabu, lililokuwa refu kuliko nyumba zote za mji. Jumba hilo lilistahimili mizinga ya Waingereza mwaka 1896, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati wa matengenezo, watu wawili wakapoteza maisha.

Lakini kazi ambayo wazee wa Unguja waliitaja kwanza walipomtaja Barghash haikuwa jumba. Ilikuwa maji. Kaskazini ya mji, upande wa Chemchem na Bububu, zipo chemchemi za maji matamu yasiyokauka. (Wako wasemao kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa gari la moshi. Lakini reli ya Bububu ilijengwa karibu na mwaka 1905, na Salme alilitaja jina hilo katika kitabu chake cha 1886. Afadhali waliosema ni mlio wa maji.) Barghash alijenga mfereji wa mawe na kutandaza mabomba kutoka huko mpaka mjini, kazi iliyogharimu mali nyingi, na maji yalipofika hakumtoza mtu. Tajiri alichota, hamali akachota, baharia wa jahazi la Kuwait akachota. Mama aliyekuwa akiamka alfajiri kufuata maji mbali alipata maji ndani ya mji.

Lugha yetu ina neno la jambo hilo. Kitu kilichotolewa kwa ajili ya Mungu ili kila mtu akitumie huitwa cha sabili. Neno hilo hilo, katika miji mikubwa ya Kiislamu kama Cairo na Istanbul, limekuwa jina la nyumba ya maji yenyewe. Sabili ni kijumba cha mawe kando ya njia, chenye madirisha ya chuma kilichosokotwa, na ndani yake mtu wa kumpa mpita njia kikombe cha maji. Sultani Ahmed wa Tatu alijenga mojawapo iliyo nzuri sana mbele ya lango la kasri yake Istanbul mwaka 1728, imenakshiwa kwa maua na mashairi yaliyochongwa kwenye marmar. Na kabla ya hao wote alikuwako Bibi Zubeda, mke wa Harun Rashid, ambaye aliwaletea mahujaji maji Makka kwa mfereji kutoka milimani, na mpaka leo jina lake ni jina la maji hayo. Kila aliyesoma chuoni anaijua pia habari ya Sayyidna Othman alivyokinunua kisima cha Ruma kule Madina, akakitoa kwa Waislamu wote. Barghash hakubuni jambo jipya. Aliingia katika safu ya watu waliomtangulia.

Wasio Waislamu nao wamelifahamu jambo hili kwa njia yao. Katika mji wa Perugia, Italia, iko chemchemi ya kujengwa iliyomalizwa mwaka 1278, kazi ya mafundi wawili, Nicola Pisano na mwanawe Giovanni. Mji huo uko juu ya kilima, na maji yake yaliletwa kutoka mlima wa jirani uitwao Pacciano, ambayo ilikuwa kazi ngumu kwa zama zile. Yalipofika, watu wa Perugia waliyajengea birika mbili za mawe, moja juu ya nyingine, katikati ya uwanja, upande mmoja kanisa kuu na upande wa pili jumba la serikali. Birika ya chini imechongwa miezi kumi na miwili ya mwaka na kazi za kila mwezi: huyu anavuna, huyu anakamua zabibu, huyu anachinja. Juu wamesimama watakatifu na wafalme, na kati yao wakubwa wa mji waliokuwa hai siku hizo. Mtu aliyekwenda kuchota maji aliusoma mji wake wote katika jiwe, na aliona pia ni nani anayetaka ashukuriwe.

Na hilo ndilo swali la kila chemchemi ya mfalme. Maji haya ni ya nani, na jina lililoandikwa juu yake ni la nani? Sisi hatuchongi sanamu, lakini tusidhani kwamba Barghash hakujua maana ya maji yanayoonekana. Maji yake yalikuwa na sura mbili. Kule Marhubi, jumba alilolijengea masuria wake, maji yaliletwa katika mabirika ya bustani yenye mayungiyungi na katika hamamu za kuba. Hayo yalikuwa maji ya mfalme, ya kutazamwa na kusikilizwa, na raia hakuyagusa. Mjini maji yaliingia katika ndoo na mtungi. Marhubi iliungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo nene za mawe zilizobeba jumba na mfereji, hamamu na birika, na mgeni akipelekwa huko leo husimama kati ya nguzo zisizobeba kitu.

Mizinga ya Wajerumani

Miaka yake ya mwisho ilikuwa michungu. Mwisho wa 1884 Carl Peters na wenziwe walipita Usagara na nchi za jirani wakiwatilisha wakuu sahihi, na mwanzo wa 1885 Ujerumani ikatangaza nchi hizo kuwa chini ya ulinzi wake. Barghash alipinga kwa maandishi. Akampeleka Mathews na askari mpaka Kilimanjaro, akipitia Taita, na wakuu wa Wataita na Wachagga wakaipokea bendera nyekundu. Hapo ndipo Taita ilipoandikwa kuwa ni nchi ya Sultani.

Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikaja kusimama mbele ya jumba lake, mizinga imeelekezwa madirishani. Na katika meli moja ya msafara huo alikuwamo Salme.

Yataka niseme kidogo juu ya dada huyo. Alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, akaolewa naye Aden mwaka 1867 na kubatizwa kwa jina la Emily. Mumewe akafa mwaka 1870, akamwacha na watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi. Barghash alipokuwa London mwaka 1875 alikwenda huko kutaka kuonana naye, na Frere akamzuia. Mwaka 1885 Wajerumani walimleta kama karata mkononi, naye alikuja kudai urithi wake na kutafuta uso wa ndugu yake. Barghash hakumpokea. Alipita vichochoro vya mji aliokulia, watu wakamlaki na kumsabahi, na mlango mmoja tu ukabaki umefungwa.

Wasomaji wetu wengi watasema alikuwa na haki, maana aliyeacha dini na kuja nyuma ya mizinga ya adui hakaribishwi chai. Nami siwezi kulikataa hilo. Lakini huyo ndiye aliyemwandikia barua zake alipokuwa kijana, na kitabu chake ndicho kinachotuambia juu ya lile bomba la turubali.

Barghash alishindwa na mizinga, akakubali. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza wakakaa Ulaya na ramani, wakamwachia visiwa, ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda bara, na baadhi ya bandari za kaskazini. Mstari mwingine ukavutwa kutoka mto Umba ukielekea ziwa la Victoria, ukapindishwa Kilimanjaro ili mlima uwe wa Wajerumani na Taveta iwe ya Waingereza. Taita ikatoka katika hesabu za Unguja kwa mkono wa watu ambao hawakuwahi kuonja maji ya ngurunga. Watu wa Kasigau waliulipia mstari huo baadaye. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Wajerumani waliuvuka mpaka wakaushika mlima, na Waingereza wakawatuhumu wanavijiji kuwa waliwasaidia, wakawahamisha wote mpaka Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi ya pwani wasiyoyazoea, na waliosalia walirudi milimani kwao katika miaka ya 1930.

Mwaka 1887 Barghash alikodisha pwani yake, kutoka Umba mpaka Kipini, kwa kampuni ya Kiingereza. Mombasa ikawa mikononi mwa kampuni.

Kwa watu wa Mombasa liko deni jingine katika jina lake. Alikuwa Ibadhi mwenye msimamo, na wanazuoni wa Kisunni waliosema waziwazi hawakupata raha kwake. Sheikh Ali bin Abdalla bin Nafi Mazrui wa Mombasa, baba yake Sheikh Al-Amin, alitiwa gerezani Unguja mwaka 1887 kwa ajili ya mafundisho yake. Mfalme aliyefungua mifereji kwa Suni na Ibadhi, kwa Bohora na Banyani bila ya kuuliza dini ya mtu, alimfunga mwanachuoni kwa ajili ya darasa. Siwezi kuyapatanisha mambo hayo mawili, na sidhani yapatana. Yote mawili ni yake.

Mwanzo wa 1888, akiwa mgonjwa sana wa kifua, alikwenda Oman kwa matumaini kwamba hewa na maji ya nchi ya baba zake vitamfaa. Havikumfaa. Akageuza merikebu arudi Unguja, kwa njia ile ile aliyopita na sanduku la baba yake. Baba hakuifika nchi kavu akiwa hai. Yeye alifika, na saa chache tu baada ya kufika, mwisho wa Machi 1888, akafariki. Hakufika miaka 55. Ndugu yake Khalifa akakalia kiti, na miongoni mwa waliofunguliwa magereza alikuwa Sheikh Ali bin Abdalla, aliyerudi Mombasa na kuishi mpaka 1894.

Sayyid Barghash alizikwa Makusurani, katika makaburi yale yale aliyomshushia baba yake usiku miaka 31 kabla.